Koili ya Silinda ya Nne

Sehemu ya Kumi na Moja

Ufa!

Ndiyo, ufa. Mwembamba kama unywele, umeanzia kichwani mwa koili, umeshuka hadi chini, na ukapita chini ya ile nukta ya rangi ya zambarau.

Nyie mlioshika roho mkononi wiki nzima mkiuliza Winfrida aliona nini alipoichomoa ile koili, haya, ndicho alichokiona. Na wewe uliyeniandikia kwamba gari lile lina jini, acha mambo yako. Jini hana spana namba kumi.

Kwa mgeni aliyeliokota gazeti hili kwa kinyozi, nitasema mara moja tu maana hatuna muda. Winfrida Anselmi ni fundi wa magari pale Mafiga, Morogoro, katika gereji iliyoanzishwa na baba yake, Mzee Anselmi, kabla magoti hayajamstaafisha. Gari ni la Bi Rubab, mjane wa marehemu Sherali wa duka la vitambaa. Ni Mjerumani mweusi wa silinda sita, umri umekwenda lakini heshima bado anazo: viti vya ngozi, mbao kwenye dashibodi, mlango ukiufunga unasema "dup!"

Gari hilo linamisi. Tambarare linateleza bila kelele, likiona mlima tu linakohoa, linatetemeka, linaishiwa nguvu. Winfrida amelitengeneza mara tatu na mara tatu ugonjwa umerudi. Fundi mwingine wa mjini akamnong'oneza Bi Rubab: koili yako nzuri, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, imeibwa, umewekewa mbovu. Bi Rubab akaapa. Leo Jumamosi, kabla ya adhana ya alasiri, ama Winfrida aonyeshe ukweli, ama aende kituoni kama mwizi na jina lake liishie hapo. Basi, twende.

Winfrida aliigeuzageuza ile koili kwenye jua la saa nne. Ile aliyoifunga yeye Jumamosi iliyopita ilikuwa mpya, aliitoa kwenye boksi kwa mkono wake. Hii ilikuwa kizee. Plastiki imepauka, mpira umekakamaa, na juu ya uzee wote huo mtu kaipaka nukta ya zambarau, chini kabisa, ndani ya mpira.

Palepale anapoipaka yeye.

Mafundi wa mji huu kila mmoja ana alama yake. Kifaa kisicho na alama ni yatima, kikibadilishwa huna pa kulilia. Wapo wanaokwaruza kwa bisibisi, wapo wanaopaka rangi ya geti. Winfrida hutumia rangi ya kucha, chupa ndogo ambayo haijawahi kugusa ukucha hata mmoja, na huipaka mahali pa siri. Mahali hapo alimwonyesha mtu mmoja tu duniani.

Mtu huyo alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, anafuta spana.

Dominiko. Fundi mwenzake, na mchumba wake. Tangazo lao la ndoa limeshasomwa kanisani Jumapili mbili, bado moja.

"Umeona nini?" aliuliza Dominiko.

"Ufa."

"Ahaa! Si nilikwambia? Koili za siku hizi ni..."

"Dominiko."

"Naam."

"Irudishe. Lakini usiirudishe silinda ya nne. Iweke ya pili, na ya pili ilete ya nne."

Bi Rubab alikuwa kwenye kiti cha plastiki ubavuni mwa gari lake tangu asubuhi, mwavuli mkono huu, chupa ya chai mkono ule. Morogoro humwachii fundi gari ukaenda zako. Unakaa nalo. Bi Rubab aliliacha likalala gereji mara moja tu, Jumamosi iliyopita, na sasa anajuta.

"Mnahamisha nini tena?" aliwaka. "Gari langu mmelifanya chumba cha kupanga?"

"Shikamoo yako niliitoa asubuhi, Bi Rubab, sasa nisikilize," alisema Winfrida. "Ugonjwa ukihama na koili, mgonjwa ni koili. Ukibaki silinda ya nne, nimekosea mimi, nipeleke polisi nitatembea kwa miguu yangu."

"Na tutajuaje?"

"Tunapanda mlima."

"Gari langu haliendi popote bila mimi!"

"Ndivyo ninavyotaka. Panda. Nahitaji shahidi."

Akamgeukia Dominiko, akamtupia mashine ya kupimia. "Na wewe panda. Wewe ndiye utakayesoma."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Lakini mnaomfahamu Winfrida tangu sehemu ya kwanza mnajua, sauti yake ikiwa ya kawaida hivyo, kimbia.

Wakatoka Mafiga, wakavuka mji, wakashika njia ya Bigwa. Winfrida kwenye usukani, Dominiko pembeni yake na mashine mapajani, waya wake umechomekwa chini ya dashibodi. Bi Rubab nyuma, katikati ya kiti, anachungulia mbele kama mkaguzi.

"Soma," alisema Winfrida.

"Safi. Silinda zote sita."

"Bado hatujafika mlimani."

Gari likateleza.

"Binti," alisema Bi Rubab kutoka nyuma, "kama si wewe uliyeiba, ni mtu wa karibu nawe. Wenzetu walisema, mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe."

"Ndiyo, Bi Rubab."

"Wa kula ni wengi. Damu ndiyo yako."

Winfrida aliitikia kwa kichwa, jicho la pembeni liko kwa Dominiko. Shika hiyo methali, msomaji wangu. Ni nzuri sana, lakini leo nayo itahitaji fundi.

Wakaipita Bigwa. Barabara ikaanza kuinuka kuelekea Kiroka, migomba huku, migomba kule. Winfrida akakanyaga mafuta.

Tk.

"Soma."

Tk. Tk-tk. Gari likatetemeka, mbao za dashibodi zikaanza kulia.

"Dominiko, soma!"

"Silinda..." Dominiko aliisogeza mashine karibu na macho. "Silinda ya pili."

"Sema kwa sauti, Bi Rubab asikie."

"Silinda ya pili."

"Na ya nne?"

"Ya nne safi."

"Ehee!" Bi Rubab alikaribia kuingia kiti cha mbele. "Ina maana gani hiyo?"

"Ina maana ugonjwa umehama na koili," alisema Winfrida. "Ikipata moto na mzigo wa mlima, umeme unavujia kwenye ufa, silinda inakufa. Na hii siyo koili niliyokufungia. Yako ilikuwa mpya. Ni kweli imebadilishwa, yule fundi wa mjini hakudanganya."

"Kwa hiyo unakiri!"

"Nakiri imebadilishwa. Aliyebadilisha kaiga alama yangu. Na alama yangu inapokaa anapajua mtu mmoja tu, naye ameishika hiyo mashine mapajani."

Dominiko akafumbua mdomo. Kabla neno halijatoka, injini ikazimika.

Katikati ya mlima!

Mjerumani akasita, akaanza kurudi kinyumenyume. Bi Rubab akapiga ukelele. Breki ya mguu ikawa ngumu, Winfrida akavuta ya mkono, ikashika nusu, gari likaendelea kuteleza polepole. Nyuma yao lori la ndizi lilikuwa linapanda, honi wazi, dereva anapunga mkono dirishani.

"Jiwe, Dominiko! Jiwe!"

Dominiko akaruka nje, akaokota jiwe pembezoni, akalisukumia nyuma ya tairi. Gari likagonga jiwe, likatulia. Lori likawapita kwa upana wa kiganja, dereva akiwatukania mama zao mpaka kona ya mbele.

"Allah," alisema Bi Rubab. Akafungua chupa ya chai, akajimiminia, nusu ikamwagika kwenye ngozi ya kiti. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakugombeza mtu kwa kuchafua kiti.

Winfrida akashuka. Akazunguka mpaka nyuma, Dominiko bado amechuchumaa karibu na jiwe lake.

"Kwa nini?"

"Siyo mimi, Winfrida. Naapa kwa tangazo letu."

"Usiape kwa hicho."

"Siyo mimi!"

"Basi nani? Nilimwonyesha nani mwingine? Nilimwonyesha padri?"

Dominiko aliinamisha kichwa. "Nilimwambia mtu. Mmoja."

"Nani?"

"Mzee."

"Mzee gani? Mafiga ina wazee wangapi?"

"Mzee wako. Baba."

Winfrida akacheka. Akacheka kweli, akaegemea buti ya gari. Mtu akiambiwa jambo ambalo kichwa hakina pa kuliweka, hucheka. Halafu akamwangalia Dominiko usoni, na kicheko kikaisha.

"Aliniuliza kama mzazi," alisema Dominiko harakaharaka. "Alisema, mwenzako anaibiwa vifaa pale gereji, niambie alama yake inakaa wapi nimsaidie kulinda. Nikamwambia. Ningemkatalia vipi mkwe wangu?"

"Halafu?"

"Halafu Jumapili, Misa ya kwanza ilipoisha, wewe ukabaki na akina mama. Mimi nikapita gereji kuchukua koti langu. Nikamkuta. Boneti ya gari hili iko juu, ameinama, yale magoti hayamuumi hata kidogo. Koili yako mpya iko mfukoni mwa koti lake, kichwa kinachungulia."

"Jumapili ipi?"

"Hii iliyopita."

"Ya tangazo letu la pili."

"Ndiyo."

Winfrida akahesabu kwa vidole, kimoja kimoja, kama anafundisha mtoto. "Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Alhamisi, siku Bi Rubab alipokuja kuniita mwizi mbele ya majirani. Ijumaa, nilipolia juu ya injini hii. Leo. Siku sita, Dominiko! Siku sita unanitazama. Jana ulinishikia tochi!"

"Alisema nikifungua mdomo atalipinga tangazo la tatu. Atamwambia padri hatoi baraka."

"Kwa hiyo ukaona bora niitwe mwizi, ili upate kuoa mwizi."

Dominiko huyu mimi sina la kumsaidia. Mlionitumia ujumbe mkimtetea, leo mmepata mlichokitafuta. Kijana hakuiba koili, ila alimwacha mwenzake azame naye ameshika kamba.

"Kwa nini baba afanye hivyo?"

"Nilimuuliza. Akaniambia, ya ukoo wa watu usiyaingilie."

"Leo yuko wapi?"

"Si alikuaga? Mkuyuni, kumtazama mgonjwa."

"Na mgonjwa yupo?"

Dominiko akatazama jiwe. "Hakuna mgonjwa. Kuna kikao."

Kioo cha nyuma kikashuka taratibu. Uso wa Bi Rubab ukatokeza, na haukuwa uso ule wa asubuhi.

"Nimesikia yote," alisema. "Njoo hapa, binti. Anselmi alikuja kwangu Jumatano. Amekaa sebuleni mwangu, amekunywa chai yangu. Akaniambia, shemeji, nakuja kwako kwa aibu. Mtoto wangu ana mkono mrefu. Gari likikusumbua tena usimwonee haya kwa sababu yangu."

"Baba alisema hivyo?"

"Na yule fundi wa mjini nilielekezwa na yeye."

Winfrida akashika ukingo wa mlango. Mkono mrefu. Yeye, ambaye hata nati moja ya mteja ikianguka huitafuta kwenye vumbi mpaka aipate. Na aliyemzoeza hivyo ni nani? Ni huyohuyo.

"Washa gari," alisema Bi Rubab.

"Linamisi, Bi Rubab."

"Limisi! Sherali alilipandisha mpaka Matombo kwenye masika, tope hapa magotini. Washa, twende Mkuyuni."

Winfrida akarudi kwenye usukani. Injini ikashika kwa mara ya tatu.

"Toa jiwe," alimwambia Dominiko dirishani.

Dominiko akalitoa. Alipoinuka nalo aje kupanda, Mjerumani alikuwa ameshaondoka, anakohoa kuelekea kona. Akabaki palepale barabarani amebeba jiwe.

Mkuyuni siku hiyo soko lilikuwa limechangamka, mananasi na ndizi mpaka barabarani. Winfrida hakusimama. Akakata kushoto baada ya soko, akashuka kijia cha nyumba ya ukoo wa baba yake. Tk-tk-tk ya injini iliwafikia watu kabla gari halijaonekana, na kila kichwa uani kiligeuka.

Walikuwa wamekaa kwa mpango. Wazee kwenye benchi, akina mama kwenye mikeka. Katikati, kwenye kigoda, alikaa kijana mwenye shati jipya lenye mikunjo ya dukani: Maneno, mtoto wa dada yake Mzee Anselmi, dereva wa bodaboda. Na kwenye benchi la mbele, ndani ya koti lake la kanisani, Mzee Anselmi mwenyewe.

Winfrida alishuka na ovaroli lake la grisi. Hata pale hasira ilipomfika kooni hakusahau alikolelewa. Akapita kwa mmoja mmoja, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Mzee Anselmi, anatazama viatu vyake. Halafu akainuka upesi, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya jiko.

"Nani kakuleta huku?"

"Koili yako."

Mzee akabana mfuko wa koti lake.

"Sitaki kujua uliifungaje, baba. Najua, ulinifundisha mwenyewe. Nataka kujua kwa nini."

Mzee Anselmi akashusha pumzi. "Kile kiwanja cha gereji, Winfrida, kilitokana na shamba la ukoo. Mjomba wangu aliliuza ili nianze maisha. Wewe hujazaliwa. Nikala kiapo kwamba nikichoka, gereji itarudi kwa mtoto wa dada yangu. Sisi Waluguru ukoo hufuata mama, unajua. Wewe ni wa ukoo wa mama yako. Kwao una shamba, una pa kujenga. Wewe ni damu yangu, lakini ukoo wangu siyo."

"Maneno hajui plagi wala kibiriti!"

"Atajifunza."

"Miaka kumi na miwili nimelala chini ya magari pale. Ulinishika mkono ukanifundisha kusikiliza injini, ukasema nina sikio lako."

"Nilikufundisha kwa sababu hakukuwa na mwingine."

Lo! Kuna maneno mtu akiyasema hayarudishiki hata kwa kuhani wa ungamo. Winfrida akarudi nyuma hatua moja, akauegemea ukuta wa jiko.

"Ungeniambia," alisema, sauti imeshuka. "Ungesema tu, Winfrida, ondoka, pale ni pa Maneno. Ningelia, ningekununia mwaka mzima. Lakini ningeondoka, baba. Mimi ningeondoka!"

"Ningekwambia kwa mdomo gani?" Macho ya mzee yalikuwa yamejaa maji. "Nikutazame usoni niseme hivyo? Siwezi. Nimejaribu tangu Pasaka, siwezi. Nikaona ukishindwa gari moja la mtu anayejulikana, wateja watakukimbia, utaondoka kwa mguu wako. Mimi nisingelazimika kusema kitu."

"Kwa hiyo kunifunga jela kulikuwa rahisi kuliko kuniambia."

"Hutafungwa! Nisikilize." Akamshika mabega, akanong'ona. "Mwambie Bi Rubab ni wewe. Sema ulikuwa na shida, uliiuza. Mimi nitamwomba, hatakupeleka popote. Wewe bado kijana, jina lako litachipua tena. Langu likikatwa leo, sina muda wa kuotesha jingine. Nisitiri, mwanangu."

Sasa ndiyo kawa "mwanangu".

"Huna haja ya kuniomba mimi," alisema Winfrida. "Bi Rubab yuko nyuma yako."

Mzee akageuka. Bi Rubab alikuwa amesimama penye kona ya jiko, ushungi umekaa upande, mwavuli ameushika kama fimbo.

"Sherali alikuita ndugu," alisema. "Alipokuwa anakufa alisema, gari likisumbua, mwite ndugu yangu Anselmi."

Mzee Anselmi akaingiza mkono kwenye koti, akatoa koili mpya, akamkabidhi Bi Rubab. Winfrida akaichukua kutoka mkononi mwa Bi Rubab, akakunja ukingo wa mpira, na nukta ya zambarau ikaonekana.

"Haya," alisema Bi Rubab, "kaseme mbele ya watu wako."

Hakuwa na haja ya kumsukuma. Winfrida alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, pembeni ya kigoda cha Maneno.

"Wazee wangu, akina mama, samahani nimekuja sikualikwa," alisema. "Tangu Alhamisi mjini naitwa mwizi. Mimi siyo mwizi. Aliyeibadilisha koili ya gari hili ni baba yangu. Ameibadilisha ili niharibikiwe jina, niondoke gereji, aingie Maneno. Nimeona bora msikie kwangu, mjue mtu mnayekaa naye benchi moja."

Akangoja ukelele, akangoja akina mama washike vinywa, mzee mmoja asimame aseme hapana, Anselmi, hii hapana.

Kuku akapita katikati ya uwanja. Mtu akakohoa.

Mzee Mkude, mkubwa wa ukoo, alisogeza kofia yake nyuma. "Tunajua," alisema.

"Mnajua nini?"

"Hilo la koili. Tulimwambia mwenzetu amalize jambo hili kwa amani, tusifikishane mahakamani. Namna ya kulimaliza aliitafuta mwenyewe, akaja akatueleza. Tukanyamaza. Sasa kaa, mama. Kuna wali."

Jamani.

Kudanganywa na mtu mmoja kunauma, lakini unabaki na wengine wa kuwakimbilia. Winfrida alizungusha macho. Yule shangazi aliyemlaza kwake akiwa na tetekuwanga. Yule babu aliyempa kuku siku ya Kipaimara. Wote walikuwa wamemwitikia marahaba, mmoja mmoja, nao wanajua. Alitamani ardhi imeze, na hakujua imeze nani kwanza.

Aliyelipuka ni Bi Rubab. "Mnajua? Mlijua mimi mjane napanda milima na injini inayozimika, mkakaa kimya? Leo tumeponea kwenye tairi la lori!"

"Mama, la gari lako tutakuomba radhi," alisema Mzee Mkude kwa upole. "Na radhi yetu ina mbuzi. Hili lingine ni la ukoo, tuvumilie kidogo."

"Mbuzi! Nitampanda mbuzi huyo kurudi mjini?"

Mama mmoja akacheka, akajizuia. Mzee Mkude akamgeukia Winfrida tena, uso wake hauna ubaya wowote, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Maadam umekuja mwenyewe, afadhali, tunamaliza leo. Funguo za gereji unazo?"

Winfrida akaingiza mkono kwenye ovaroli. Akazitoa. "Ninazo."

"Mpe Maneno."

Maneno akainuka kwenye kigoda, anajikuna shingo, anatabasamu kwa aibu. Akanyoosha mikono yote miwili, kwa heshima.

"Hapana," alisema Winfrida.

Minong'ono ikaanza kwenye mikeka.

"Sikatai, babu. Kama ni ya ukoo, ni ya ukoo, tutazungumza. Ila Maneno hajawahi kunipa kitu mimi. Aliyenipa hizi ni baba, na atazichukua baba. Aje hapa azichukue mkononi mwangu, na aseme kwa mdomo wake, mbele yenu wote: Winfrida, ondoka. Ni hayo mawili tu. Akiyasema, sirudi Mafiga hata kuchukua spana zangu."

Uwanja mzima ukamtazama Mzee Anselmi.

Mzee hakusogea.

"Anselmi," alisema Mzee Mkude.

"Azitupe tu chini," alisema Mzee Anselmi kwa sauti ndogo. "Maneno ataziokota."

"Anselmi! Mtoto kaomba haki. Inuka."

Akainuka. Akauvuka uwanja polepole, macho yako chini, akasimama mbele ya binti yake. Akanyoosha mkono.

"Nitazame, baba."

Akamtazama. Akafumbua mdomo. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Akazishika funguo, akavuta.

Winfrida hakuziachia.